Ziwa Likichafuka na Boti Zikizuiwa Kigoma: Mwongozo Kamili wa Msafiri

Kila upepo unapoanza, swali linalokuja ni lilelile: "Nimefika Kibirizi na mizigo yangu, naambiwa boti haitoki. Nifanyeje?" Anayeuliza huwa tayari amekwama. Pesa ya kulala hana, treni yake ya kurudi inaondoka keshokutwa, na pembeni yake kuna kijana anamwambia ipo boti ndogo inayoweza kumpeleka sasa hivi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya safari za boti za abiria kutoka Kigoma mjini kwenda kaskazini, yaani Mtanga, Hifadhi ya Gombe, Mwamgongo na Kagunga, na kwenda kusini kwenye vijiji vya wilaya ya Uvinza kama Sunuka, Sigunga, Herembe, Buhingu na Kalya. Utamfaa mfanyabiashara wa dagaa, mwalimu anayekwenda kuripoti kituo kipya, familia inayowahi msiba na mgeni anayekwenda kuona sokwe.

Jambo kubwa nalisema mapema: uamuzi wa kutosafiri unatakiwa uwe umeshaandaliwa kabla hujafika mwaloni, yaani mahali boti zinapopakia abiria, kama Kibirizi. Ukifika pale bila pesa, bila siku ya ziada na bila mahali pa kulala, utapanda chochote kitakachokubali kuelea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Siku mbili za akiba, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hiki ndicho kitu cha kwanza, kabla hata ya nauli.
- Pesa ya kukwama: malazi ya usiku mmoja au miwili, chakula, na nauli ya bodaboda au bajaji ya kurudi mjini na kuja tena mwaloni. Itenge mbali na pesa ya safari.
- Namba tatu za simu: ya nahodha au karani wa boti, ya mtu anayeishi kijiji unachokwenda, na ya mtu anayeshinda mwaloni (muuza chai, fundi wa injini, mpagazi).
- Jaketi okozi lako mwenyewe, lenye kamba na vifungo vizima. La boti linaweza kuwa limechanika au lisikutoshe, na kwa mtoto mara nyingi halitoshi.
- Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana ya kuwekea simu, nyaraka, dawa na nguo moja kavu. Begi la kawaida hulowa kwa wimbi la kwanza.
- Turubai kama una mzigo wa biashara.
- Koti la mvua au sweta nzito. Maji ya Tanganyika si ya baridi kali, lakini mtu aliyelowa akipigwa na upepo kwa saa tatu hutetemeka mpaka vidole vikashindwa kushika.
- Filimbi na tochi, vyote vikiwa na kamba ya kuvaa shingoni.
- Dawa za siku tatu zaidi kwa anayetumia dawa kila siku.
- Maji ya kunywa na chakula kisichohitaji kupikwa.
- Simu yenye chaji, salio na bando. Chaji ya akiba pia, kwa sababu njiani kuna sehemu nyingi zisizo na mtandao, na simu inayohangaika kutafuta mtandao huisha chaji haraka.

## Hatua ya 1: Jua unasafiri msimu gani

Fanya hivi wiki kadhaa kabla, unapopanga tarehe.

Kigoma ina misimu miwili ya ziwa kuchafuka, na kila mmoja una tabia yake. Wengi hukosea kwa kudhani hatari ni ya wakati wa mvua tu.

Kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba. Upepo wa kusini hushika ziwa. Mbingu inaweza kuwa nyeupe, jua linawaka, hakuna hata tone la mvua, na bado boti zisitoke. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670, limelala kutoka kaskazini kwenda kusini, na Kigoma ipo upande wa kaskazini. Upepo unaotoka upande wa Zambia unapata mamia ya kilomita za maji matupu ya kusukuma. Ndiyo maana mawimbi marefu huweza kufika Kigoma wakati hapo ulipo jani halitikisiki. Hali hii ikianza inaweza kuchukua siku mbili au tatu mfululizo.

Msimu wa mvua, takribani Oktoba au Novemba mpaka Aprili na kuelekea Mei. Hapa adui ni dhoruba ya ghafla. Asubuhi maji yametulia kabisa, alasiri wingu jeusi linajenga juu ya milima, unakuja upepo wa baridi, radi, halafu ziwa linageuka ndani ya muda mfupi. Dhoruba ya namna hii huwa fupi. Ukisubiri saa chache, mara nyingi hali hurudi.

Tofauti hii inabadilisha mipango yako yote. Kiangazi tenga siku. Wakati wa mvua tenga saa, na upange kuondoka mapema asubuhi.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kujibu: kama boti haitatoka, nitasubiri saa ngapi au siku ngapi?

## Hatua ya 2: Panga safari ya kurudi kabla ya safari ya kwenda

Watu hupanga kwenda kwa makini na kurudi kwa matumaini. Kwa ziwa hili ni kinyume cha busara, hasa kiangazi, na sababu iko majini.

Upepo ukitoka kusini, boti inayokwenda Gombe au Kagunga inasukumwa na mawimbi kutoka nyuma. Abiria wanaona safari ni laini. Kesho yake, boti ileile inarudi Kigoma ikiyakabili mawimbi hayohayo uso kwa uso: omo (mbele ya boti) inapanda, inapiga chini, maji yanaruka ndani, na mwendo unakuwa wa polepole mno. Hali inayokuruhusu kwenda huweza kukukatalia kurudi.

(Mawimbi ya nyuma nayo yasikudanganye. Boti iliyojaa sana upande wa tezi, yaani nyuma, inaweza kuingiliwa na maji kutoka nyuma bila abiria walioangalia mbele kugundua.)

Kwa hiyo:

- Usikate tiketi ya treni ya kwenda Tabora, Dodoma au Dar es Salaam ya siku uliyopanga kutoka kijijini. Weka angalau usiku mmoja Kigoma mjini katikati. Kwa ndege ni vivyo hivyo.
- Mgeni wa Gombe, kabla ya kulipia hifadhi, uliza kama tarehe inaweza kusogezwa ziwa likichafuka. Uliza kabla ya kulipa, na upate jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.
- Mtumishi anayekwenda kuripoti, mjulishe mapema mwajiri au mwalimu mkuu kwamba tarehe inategemea ziwa. Ukitoa taarifa kabla hutaonekana mtoro.

## Hatua ya 3: Jioni iliyotangulia, soma taarifa ya hali ya hewa mpaka mwisho

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa kila siku na taarifa za hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo. Zinapatikana kwenye tovuti na kurasa zao za mitandao, na redio huzisoma. Watu huangalia rangi ya ramani wakaishia hapo. Soma mambo manne.

Kwanza, eneo. Taarifa inayotaja ukanda wa pwani, yaani Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, ni ya Bahari ya Hindi. Tafuta palipoandikwa Ziwa Tanganyika au mkoa wa Kigoma. Kuna anayeahirisha safari kwa sababu ya upepo wa Mafia, na kuna anayeondoka kwa sababu Dar es Salaam ni shwari.

Pili, kiwango. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa boti ya mbao iliyo wazi, mimi nashauri njano ya upepo ichukuliwe kwa uzito uleule ambao mtu wa nchi kavu angeupa rangi ya chungwa.

Tatu, uwezekano na athari. Ni vitu viwili tofauti. "Uwezekano: wastani, athari: kubwa" maana yake huenda isitokee, lakini ikitokea itaumiza. Usijifariji na neno "wastani" la kwanza.

Nne, kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Ukiona upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, safari hiyo haipo. Lala. Na kumbuka kwamba kasi inayotajwa haimaanishi kila mvumo utakuwa sawa. Upepo huja kwa vishindo, na kishindo kimoja huzidi kasi ya kawaida kwa mbali. Wimbi likiongezeka urefu mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne.

Umefanikiwa ukiwa umeshaamua jioni hiyo moja kati ya matatu: naenda, siendi, au nitaamua asubuhi baada ya kuona. La tatu ndilo litakalotokea mara nyingi.

## Hatua ya 4: Piga simu ng'ambo ya safari

Utabiri ni wa eneo kubwa. Mtu wa Mwamgongo au wa Sigunga anaona kilichopo mbele ya mlango wake.

Usimuulize "Ziwa likoje?" Atakujibu "Poa tu," kwa ukarimu. Muulize vitu anavyoweza kuvitazama:

- "Mitumbwi imetoka leo, au imevutwa juu ya mchanga?"
- "Boti ya jana ilifika saa ngapi?" Ikichelewa sana kuliko kawaida, ilipambana.
- "Mawimbi yanapasukia wapi, pwani tu au hata mbali huko ndani?"

Kipo kipimo kingine cha usiku, cha bure kabisa. Simama mahali unapoona ziwa baada ya saa mbili usiku. Taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetapakaa majini, wanaolijua ziwa kuliko sisi wote wameliamini. Giza tupu ni dalili mbaya, ila chunga mambo mawili kabla ya kuhukumu. Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hupumzika kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga. Pia tangu 2024 uvuvi umekuwa ukifungwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, na kipindi hicho giza halikuambii chochote kuhusu upepo.

## Hatua ya 5: Asubuhi, litazame ziwa kutoka mahali panaposema kweli

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mji wa Kigoma umekaa ndani ya ghuba, na upande wa kusini ghuba imekingwa na rasi ya Bangwe. Upepo wa kusini unapovuma, rasi hiyo inauzuia. Ukisimama karibu na bandari utaona maji yametulia, watoto wanaoga, na utajiuliza kwa nini nahodha amekataa. Nahodha anafikiria pale chombo kitakapotoka kwenye kinga na kupokea ziwa lote ubavuni.

Wageni kutoka Ulaya hulielewa hili haraka, kwa sababu kwao lipo kwenye milima ya theluji. Kule Alps, lifti za viti zinazoning'inia kwenye kamba za chuma hufungwa upepo ukizidi, kwani viti huyumba na kuweza kugonga nguzo. Mara nyingi hufungwa zile za juu tu, huku za bondeni zikiendelea kubeba watu. Aliye chini kwenye jua anaona ameonewa. Upepo uliofunga lifti uko juu, kwenye ukingo wa mlima, asikouona. Bandari ya Kigoma ndiyo bonde letu.

Kwa hiyo nenda upande wa Bangwe au Katonga, mahali unapoona maji ya wazi kuelekea kusini na magharibi. Kaa dakika kumi nzima. Tazama haya:

1. Vichwa vyeupe vya mawimbi. Vikionekana kimoja kimoja, vimetawanyika, upepo ni kama kilomita 13 mpaka 19 kwa saa. Vikiwa vingi, kila unapotazama unaviona, umefika 20 mpaka 29. Karibu kila wimbi likiwa na kichwa cheupe na matone yanaanza kurushwa hewani, unakaribia 35 au umepita. Hapo boti iliyo wazi na abiria haina kazi majini.
2. Mstari wa upeo wa macho. Ukiwa umenyooka kama uzi, vizuri. Ukiwa na meno meno, hayo ni mawimbi makubwa yaliyo mbali, na yanakuja.
3. Milima ya Congo. Wakati wa mvua, siku njema unaiona ng'ambo. Ikimezwa na pazia jeusi, mvua na upepo viko pale. Geuka utazame na milima ya upande wetu, maana dhoruba hujenga pande zote. Kiangazi kipimo hiki hakifai. Moshi na vumbi huficha milima hata siku ya utulivu.
4. Radi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mngurumo, gawanya kwa tatu; hizo ndizo kilomita. Ukisikia mngurumo wowote, usiingie majini. Subiri nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho.

Onyo: upepo wa baridi ukikupiga ghafla wakati wa joto, na wingu jeusi likiwa karibu, una dakika chache tu. Kama upo mwaloni, ondoka chini ya mti na ukingo wa maji.

## Hatua ya 6: Zungumza na nahodha bila kumsukuma

Nahodha wa boti ya abiria anabanwa na pande nyingi. Mwenye chombo anataka hesabu ya siku, abiria wana haraka, na mafuta yameshanunuliwa. Ukiongeza kelele yako unampunguzia nafasi ya kusema hapana. Kelele za abiria ni sehemu ya ajali, hata kama hazitaandikwa popote.

Muulize kwa heshima, na swali liwe wazi:

"Shikamoo mzee. Leo ziwa unalionaje?"

"Marahaba mwanangu. Kusini kumechafuka. Tutaangalia mpaka saa nne."

"Sawa mzee. Ikifika saa nne likiwa hivihivi, tutarudi kesho?"

Swali la pili linamfungulia mlango wa kuahirisha bila aibu. Linganisha na "Mzee, si tunaweza kwenda tu polepole?", ambalo linamtaka athibitishe uhodari wake. Ukiwasikia abiria wengine wanamshinikiza, sema kwa sauti ya kawaida, "Mimi niko tayari kusubiri." Mara nyingi wapo wengine watatu waliokuwa wanaogopa kusema hivyo.

Uliza pia, kabla ya kutoa hela: safari ikiahirishwa, tiketi inahamia kesho au narudishiwa nauli? Chukua risiti au tiketi yenye tarehe. Kama hakuna karatasi, mwombe karani aandike jina lako kwenye orodha ya abiria na uone akiandika. Orodha hiyo inasaidia kudai nauli, na ndiyo itakayotumika kuwatafuta watu chombo kikipata shida.

Maofisa wa bandari na wa TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, wakizuia vyombo, jadili nao malazi au mzigo, usijadili katazo.

## Hatua ya 7: Saa ya kwanza baada ya kuahirishwa

Fanya kwa mpangilio huu, kwa sababu kila kimoja kinakuwa kigumu zaidi kadiri muda unavyopita.

1. Piga simu mbili. Moja kwa wanaokusubiri, moja kwa mwenyeji au gesti ya mjini. Abiria wote wa boti tatu wanatafuta vitanda kwa wakati mmoja. Vya bei nafuu vilivyo karibu na mwalo huisha kwanza. Mitaa ya Mwanga na Ujiji kuna vya kutosha.
2. Toa mzigo majini. Usiuache ndani ya boti iliyofungwa pwani usiku wa upepo. Boti hugongana, hujaa maji, na magunia ndiyo yanayolowa.
3. Uliza saa ya uamuzi ujao. Usiridhike na "kesho". Uliza ni saa ngapi uamuzi utafanywa na nani atakupigia.
4. Nenda ukale. Mtu mwenye njaa hukubali boti mbaya.

Kwa wenye mizigo ya dagaa wakavu: inua magunia juu ya magogo au mbao, yasiguse mchanga, kwa sababu unyevu hupanda kutoka chini. Funika juu kwa turubai lakini acha pembeni pawe wazi hewa ipite. Ukiyafunga pande zote, jasho la ndani litawaozesha dagaa kuliko mvua. Mwenye migebuka (samaki wa ziwani) mibichi asisubiri ziwa. Uza hapohapo kwa bei ya hasara ndogo au tafuta pa kubanika siku hiyohiyo.

Njia ya nchi kavu ipo kwa baadhi ya vijiji vya kusini kupitia Ilagala, lakini inahusu kuvuka Mto Malagarasi na barabara ambayo mvua huiharibu. Piga simu mbele kabla ya kupakia. Kwa vijiji vya kaskazini vilivyo chini ya milima, mara nyingi kusubiri ni haraka kuliko kuhangaika.

## Hatua ya 8: Ikatae boti ndogo

Boti kubwa ikikataa kutoka, ndipo boti ndogo zinapopata wateja. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote katika mwongozo huu.

Fikiri pamoja nami. Chombo kirefu, chenye injini mbili na nahodha mzoefu, kimekataa. Chombo kifupi, chenye injini moja, ukingo ulio shubiri mbili juu ya maji, kinakubali. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kidogo kuweza pale kikubwa kilipoogopa. Sababu ni nauli, ambayo siku hiyo huwa mara mbili au tatu.

Injini moja ikizimika katikati ya mawimbi, boti hugeuka yenyewe ubavu kwa wimbi. Mkao huo ndio unaopindua. Na kina cha ziwa hili, ambacho kwenye sehemu ya ndani kabisa hufika mita 1,470, hakiachi nanga ishike popote ukiwa mbali na pwani.

Kama ni msiba, najua uzito wake. Piga simu, waombe wazee wa familia wakusubiri au wazike bila wewe, kisha uende kuhani ziwa likitulia. Ndugu wataelewa, wanaishi kando ya ziwa hilohilo.

## Hatua ya 9: Hali ikibadilika ukiwa tayari majini

Jaketi livaliwe na kufungwa kabla boti haijaondoka. Kulivaa ndani ya boti inayoyumba, huku umebana na watu, ni kazi isiyowezekana.

Mama mwenye mtoto mchanga: mtoto asifungwe mgongoni. Jaketi okozi limetengenezwa kukufanya uelee chali, uso juu. Mtoto aliye mgongoni atakuwa chini ya maji wakati wewe unapumua. Mpakate mbele, na kanga iwe ya kumfunika tu, isiwe na fundo.

Mawimbi yakikua:

- Kaa chini kabisa, katikati ya boti. Usisimame kuangalia. Watu kumi wakihamia upande mmoja wanatosha kuilaza.
- Vua viatu vizito, legeza vitenge na mabegi ya kuvuka kifuani.
- Shika kopo na usaidie kutoa maji yaliyoingia. Maji ndani ya boti hukimbilia upande uliolala na kuongeza kulala.
- Mwachie nahodha usukani na maamuzi. Akigeukia pwani isiyo yenu, shukuru. Kulala Mtanga wakati ulikuwa unakwenda Kagunga ni safari njema.
- Kama kuna mtandao, mtu mmoja apige 112, ataje jina la boti, idadi ya watu na kijiji kilicho karibu. Namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji.

Boti ikipinduka, shikilia boti. Mbao huelea, na chombo kilichopinduka huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Pwani huonekana karibu ukiwa majini. Waogeleaji wazuri wengi hupotea wakiifuata. Kusanyikeni, watoto katikati, na pigeni filimbi kwa zamu.

## Hatua ya 10: Siku ziwa linapotulia

Watu hudhani hatari imeisha. Siku hii ina hatari yake.

Abiria wa siku mbili au tatu wamelundikana pamoja na magunia, magodoro, kreti za soda na kuku. Wote wanataka boti ya kwanza. Mawimbi makubwa ya mwisho bado yanazunguka ndani ya ziwa hata upepo ukiwa umekata, kwa hiyo maji ya wazi yanaweza kuwa na mabonde ambayo huyaoni kutoka ghubani. Boti iliyojaa kupita kiasi inakutana nayo.

Kabla ya kupanda, simama kando ya maji uitazame boti kwa ubavu:

- Ukingo uko juu ya maji kiasi gani? Kama mkono wako ukiulegeza kutoka ukingoni unagusa ziwa, imezidi.
- Imelala upande mmoja? Mzigo haujapangwa.
- Mzigo umefika juu ya vichwa vya abiria? Uzito wa juu huipindua boti hata kwa wimbi la kawaida.
- Majaketi yapo ya kutosha na yanafikika, au yamefungwa chini ya magunia?
- Karani anaendelea kuita watu?

Jibu moja baya linatosha kukurudisha nyuma. Mwambie karani ahamishie jina lako kwenye boti inayofuata, sogeza mzigo wako mahali pakavu, na umpigie simu mwenyeji wako kumwambia utafika alasiri. Ya pili mara nyingi huondoka saa chache baadaye ikiwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Ikiwa hiyo ya pili nayo ingefika gizani, lala tena Kigoma na utoke na boti ya asubuhi.